Siku Kuu ya Mpira wa Watoto

Katika nchi ya Uingereza mchezo wa mpira wa miguu una umri mkubwa. Chama kikuu cha mchezo huo, kiitwacho The Football Association, kiliundwa London mwaka 1863, na sheria zilizoandikwa mwaka ule ndizo mama wa sheria zinazofuatwa leo ulimwenguni. Watu wa mbali wakisikia habari za mpira wa Uingereza, mara huwaza timu kubwa, viwanja vyenye watazamaji maelfu na maelfu, na wachezaji wanaolipwa fedha nyingi. Lakini wachezaji hao ni wachache sana. Sehemu kubwa ya mpira wa nchi ile huchezwa vijijini na mitaani, katika vilabu vidogo ambavyo havina mchezaji hata mmoja apokeaye mshahara.

Klabu ya namna hiyo huendeshwa na watu wa kujitolea. Mwenyekiti huenda ni fundi wa mabomba, katibu ni mwalimu, mweka hazina ni karani wa duka, na mwenye kukata majani ya kiwanja ni mzee aliyekwisha kustaafu. Hakuna alipwaye. Mchana kila mtu yuko katika kazi yake ya kumpatia riziki. Jioni na siku za mapumziko huja kuifanya kazi ya klabu. Wengine hufanya hivyo kwa kuwa wana watoto wachezao, na wengine kwa kuwa zamani wao wenyewe walifundishwa na watu waliojitolea, nao wanalipa deni.

Kila mwaka, msimu wa ligi ukiisha, yaani katika mwezi wa Mei, Juni au Julai, vilabu vingi hufanya siku kuu ya mpira wa watoto. Timu za vilabu vya jirani hualikwa, nazo hucheza michezo mifupi mifupi tangu asubuhi hata alasiri. Kwa watoto ni siku ya furaha. Kwa klabu ni siku ya kupata fedha za kununulia mipira na jezi na kulipia kiwanja. Na kwa wale wachache wanaoitengeneza ni kazi ya miezi mingi. Mgeni afikaye saa nne akaona bendera zikipepea na watoto wakikimbia hudhani kwamba mambo yanakwenda yenyewe. Sivyo. Kila jambo alionalo liliwazwa na mtu, na yale asiyoyaona yaliwazwa zaidi.

I. KAZI YA MIEZI

Kazi huanza wakati wa baridi, miezi mitano au sita kabla ya siku yenyewe. Halmashauri hukutana, nayo huchagua siku. Hapo ndipo kosa la kwanza huweza kufanyika, maana ikiwa klabu ya jirani imekwisha kuchagua siku ile ile, timu zitagawanyika, na zote mbili zitapata hasara. Kwa hiyo katibu huuliza kwanza, ndipo huandika. Kisha huomba idhini ya chama cha mpira cha jimbo lake, kwa kuwa mashindano yasiyo na idhini hayaruhusiwi, wala marefa hawapaswi kuyachezesha.

Baada ya hayo barua za mwaliko hutumwa. Ndani yake huandikwa siku, mahali, umri wa watoto, idadi ya wachezaji, ada ya kila timu, na siku ya mwisho ya kulipa. Katibu mwenye busara haihesabu timu kuwa inakuja mpaka ada yake imefika, kwa sababu ahadi ni nyepesi, na timu isiyofika asubuhi huharibu mpango wa timu nyingine zote. Ikiwa ada ni paundi 30 na timu ni 20, mweka hazina atapokea paundi 600. Katika fedha hizo atatoa gharama za nishani, chokaa, kukodi vyoo vya muda, na watu wa matibabu ya kwanza. Mara nyingi faida haitoki katika ada, bali katika chai, soseji na keki zinazouzwa kando ya kiwanja. Na vyakula hivyo vina hatari yake: mvua ikinyesha siku nzima, nani atakula mikate mia tatu? Kwa ajili hiyo mnunuzi hodari hupatana mapema na mwenye duka, ili vile ambavyo havikufunguliwa vipate kurudishwa.

II. KIWANJA CHA MTOTO SI KIWANJA CHA MTU MZIMA

Zamani watoto wa miaka minane waliwekwa katika kiwanja kikubwa, kumi na mmoja kwa kumi na mmoja, mbele ya goli lenye upana wa futi 24 na kimo cha futi 8. Matokeo yake yalikuwa ya kusikitisha. Mlinda goli hakuweza kuufikia mwamba wa juu hata akiruka, na mtoto wa pembeni aliweza kukaa dakika nyingi bila kuugusa mpira. Aliyeshinda alikuwa yule aliyekua upesi kuliko wenzake, wala si yule aliyejua kucheza.

Basi mwaka 2012 wajumbe wa The Football Association walikubali mpango mpya kwa mpira wa watoto: wadogo wacheze watano kwa watano, wakikua kidogo wawe saba kwa saba, kisha tisa kwa tisa, ndipo wafike kumi na mmoja. Kiwanja cha watano ni kama yadi 40 kwa 30, na goli lake lina upana wa futi 12 na kimo cha futi 6. Mpira wenyewe pia ni mdogo. Katika kiwanja hicho hakuna pa kujificha: kila mtoto hupiga, hupokea, hukosea, na kujaribu tena.

Mpango huo ulisaidia pia siku kuu. Kiwanja kimoja cha watu wazima chenye yadi 110 kwa 70 hutosha kuwa viwanja vinne vya watoto. Kwa urefu, viwanja viwili huchukua yadi 80, zikabaki 30 za kupitia watu na kuwekea vitu. Kwa upana huchukua yadi 60, zikabaki 10 za kutenganisha. Hivyo watoto arobaini waweza kucheza kwa wakati mmoja mahali ambapo watu wazima wangekuwa ishirini na wawili tu.

III. HESABU YA MICHEZO

Kazi iliyo ngumu kuliko zote haifanyiki kiwanjani, bali mezani, kwa kalamu na karatasi. Ni kupanga nani atacheza na nani, wapi, na saa ngapi.

Timu hugawanywa katika makundi, na katika kundi kila timu hucheza na kila mwenzake mara moja. Ili kujua idadi ya michezo, chukua idadi ya timu, zidisha kwa idadi hiyo iliyopunguzwa moja, kisha gawanya kwa mbili. Timu nne: nne mara tatu ni 12, nusu yake ni 6. Timu tano: tano mara nne ni 20, nusu yake ni 10.

Mtu asiyejua atasema, "Makundi ya timu nne ni bora, maana michezo ni michache." Lakini na atazame vizuri. Timu zikiitwa A, B, C na D, nazo zina kiwanja kimoja, mchezo wa kwanza ni A na B, wa pili ni C na D. Je, wa tatu utakuwa nani na nani? A na B wamekwisha kucheza pamoja. Kwa hiyo lazima mmoja wa C au D arudi kiwanjani papo hapo, bado anahema. Hata mtu akijaribu usiku kucha hatapata njia nyingine. Katika kundi la timu nne kwenye kiwanja kimoja, lazima timu fulani icheze mara mbili mfululizo, na ile inayokutana nayo hucheza na watoto waliochoka.

Timu zikiwa tano, taabu hiyo huondoka. Tazama mpango huu:

1. A na B
2. C na D
3. A na E
4. B na C
5. D na E
6. A na C
7. B na D
8. C na E
9. A na D
10. B na E

Katika mpango huo kila timu hucheza mara nne, wala hakuna timu ichezayo mara mbili bila kupumzika. Ni jambo dogo la karatasi, lakini kwa mtoto wa miaka minane ndilo linalopambanua kushindwa kwa haki na kushindwa kwa kuonewa.

Sasa saa zaweza kuhesabiwa. Timu ni 20, makundi ni manne ya timu tano tano, na kila kundi lina kiwanja chake. Mchezo ni dakika 10, na dakika 2 ni za kutoka na kuingia, jumla 12. Michezo kumi ni dakika 120, yaani saa mbili kamili. Firimbi ya kwanza ikilia saa tatu na nusu ya asubuhi, makundi yatamaliza saa tano na nusu. Watoto hupumzika nusu saa, wanywe maji na kula. Saa sita washindi wanne wa makundi hucheza nusu fainali katika viwanja viwili, na katika viwanja viwili vilivyobaki wale wa pili wanne hucheza kwa ajili ya kikombe kidogo. Saa sita na nusu ni fainali. Saa saba nishani hugawanywa, na wadogo huenda zao kabla wakubwa hawajaanza alasiri.

Kushinda ni pointi tatu, na kwenda sare ni pointi moja. Zamani kushinda kulikuwa pointi mbili. Ligi ya Uingereza ilibadili mwaka 1981 ili timu zisiridhike na sare, na baadaye nchi nyingine zilifuata. Timu zikilingana pointi, hutazamwa tofauti ya magoli. Kanuni hizo huandikwa na kutumwa kwa kila timu mapema, maana sheria inayotangazwa baada ya ugomvi kuanza haiitwi sheria, huitwa upendeleo.

IV. USALAMA

Siku ya watoto wengi ni siku ya hatari nyingi, na halmashauri huzitafuta kabla hazijaitafuta halmashauri.

Ya kwanza ni magoli. Magoli madogo ya kuhamishwa huonekana mepesi, lakini likimwangukia mtoto ni zito. Katika nchi mbalimbali watoto wamekufa kwa magoli yaliyopinduka, mara nyingi mtoto akiwa amening'inia juu ya mwamba kwa mchezo tu. Kwa hiyo kila goli lazima lifungwe chini kwa vigingi au kwa uzito wa nyuma, nalo lijaribiwe kwa kusukumwa na mtu mzima asubuhi kabla mtoto wa kwanza hajafika. Goli lisilofungika halitumiwi, hata kama mchezo utachelewa. Katika jambo hili hakuna mjadala.

Ya pili ni motokaa. Timu 20 zenye watoto wanane wanane ni watoto 160, na wengi wao huletwa na wazazi kwa motokaa. Njia ya motokaa na njia ya miguu hutenganishwa kwa kamba, na njia moja huachwa wazi siku nzima kwa ajili ya gari la wagonjwa. Mara kwa mara mzazi aliyechelewa huomba aegeshe pale "kwa dakika tano tu." Anayelinda njia hukataa kwa adabu, lakini hukataa.

Ya tatu ni watu. Katika Uingereza mtu mzima afundishaye watoto katika klabu huchunguzwa kwanza kama ana rekodi ya makosa yanayomzuia kukaa na watoto, na kila klabu ya watoto huwa na mtu mmoja aliyewekwa kuangalia hali yao njema. Siku hiyo yeye hukaa mahali panapojulikana na wote. Mtoto akipotea huletwa kwake, na jina la mtoto halitangazwi katika kipaza sauti. Huitwa mzazi au mwalimu wa timu yake tu, ili mtu mwovu asipate kulitumia jina lile.

Ya nne ni mbingu. Ngurumo ikisikika, watoto wote hutolewa kiwanjani mara moja, wala hawarudi mpaka dakika 30 zimepita tangu ngurumo ya mwisho. Na jua likiwa kali, maji huwa karibu na kila kiwanja, na michezo hufupishwa. Mwenye mamlaka ya kusimamisha michezo ni mmoja, naye hutajwa mapema; wawili wakiwa na mamlaka hayo, watabishana huku watoto wakinyeshewa.

V. MIKONO YA WATU

Watu wangapi wanahitajiwa? Kila kiwanja chahitaji refa na mwandishi wa matokeo: watu 8. Kwenye motokaa watu 4, kwenye vyakula 6, matibabu 2, meza ya katibu 2, na wawili wa kuzunguka wakiokota takataka na kujibu maswali. Jumla ni 24. Siku ikiwa ya saa sita, kazi yote ni saa 144.

Klabu ikiwategemea watu wake 12 wa kila siku, kila mmoja atapaswa kufanya kazi ya saa 12 katika siku ya saa sita, jambo lisilowezekana. Lakini wazazi 72 wakiombwa, kila mmoja hutoa saa mbili, kisha huenda kumtazama mtoto wake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Vilabu vingi havifi kwa kukosa fedha. Hufa kwa sababu watu watatu hufanya kazi ya watu thelathini mpaka siku moja wanachoka, na hakuna aliyejifunza kazi yao. Kwa hiyo katibu mwema hamwombi mtu "msaada" kwa jumla, maana ombi la namna hiyo kila mtu hufikiri ni la jirani yake. Humwambia, "Mama fulani, tafadhali ushike meza ya chai kuanzia saa nne hata saa sita." Ombi lenye jina na saa hupata jibu.

VI. SIKU YENYEWE

Alfajiri watu wa kwanza hufika na mistari ya chokaa hukaguliwa. Magoli hufungwa, bendera za pembeni husimikwa, mipango hubandikwa penye macho ya wote. Saa tatu timu zote zimekwisha kujiandikisha. Saa tatu na nusu firimbi moja hulia kutoka mezani, na michezo minne huanza pamoja. Saa ni ya meza, si ya refa, ili kiwanja kimoja kisichelewe na kuchelewesha vingine.

Hapo ndipo huonekana jambo moja ambalo karatasi haiwezi kulitengeneza, nalo ni mwenendo wa watu wazima. Refa wa mchezo wa watoto mara nyingi ni kijana wa miaka 14 au 15 aliyejifunza kazi hiyo karibuni. Akikosea, mtoto husahau baada ya dakika moja. Lakini baba wa mtoto hupiga kelele tangu mwanzo hata mwisho. Vijana wengi wameacha urefa kwa sababu ya kelele hizo. Mwaka 2008 The Football Association ilianzisha mpango uitwao Respect, maana yake heshima, na kamba au mstari huwekwa kando ya kiwanja ili watazamaji wasiuvuke. Kamba haizibi kinywa, lakini humkumbusha mtu kwamba mchezo ule si wake.

Na jaribu jingine humkuta mwalimu wa timu. Ana watoto wanane, na nafasi ni tano. Mchezo ni wa mwisho, na goli moja litawapeleka nusu fainali. Mtoto dhaifu kuliko wote amekaa na jezi yake, akimtazama. Akimwacha pale huenda timu ikashinda, na yule mtoto atarudi nyumbani na nishani ya siku ambayo hakucheza. Akimwingiza huenda timu ikashindwa. Klabu iliyokwisha kukata shauri kwamba kila mtoto atacheza muda sawa imemwondolea mwalimu mzigo huo kabla ya siku kufika. Isiyokata shauri humwacha aamue mbele ya wazazi wapigao kelele, na mara nyingi yule mtoto ndiye alipaye.

Jioni, timu zikiisha kuondoka, kazi haijaisha. Takataka huokotwa, kamba huviringishwa, magoli hufungiwa, fedha huhesabiwa na watu wawili pamoja, na shukrani hupelekwa kwa waliosaidia. Juma lifuatalo halmashauri hukutana tena na kuandika katika daftari yaliyoharibika: foleni ya chai ilikuwa ndefu, kiwanja cha tatu kilikuwa na shimo, mpango ulibandikwa mahali penye upepo. Daftari hilo ni mali kuliko kikombe, maana kikombe huenda kwa mgeni, na daftari hubaki.

Hesabu za siku kuu hiyo hazina nchi. Shule yo yote yenye kiwanja kimoja, mpira mmoja na timu tano yaweza kuufuata mpango ule wa michezo kumi katika saa mbili, wala haihitaji paundi hata moja. Yahitaji mtu wa kupanga kabla, mtu wa kushika saa, na watu wazima wanaokumbuka kwamba siku ni ya watoto.

MASWALI

1. Kwa nini katibu haihesabu timu kabla ada yake haijafika?
2. Timu sita zikiwa katika kundi moja, zitacheza michezo mingapi?
3. Eleza kwa nini kundi la timu tano ni la haki kuliko kundi la timu nne katika kiwanja kimoja.
4. Kwa nini jina la mtoto aliyepotea halitangazwi?
5. Daftari la halmashauri ni mali kuliko kikombe. Eleza maana yake.